Devota na Honda ya Bwana Shamba

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika Kilolo siku ya Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye miti ya misindano. Devota alikuwa barazani akishona sare za kwaya. Si yeye aliyemwita. Aliyemtuma ni binti yake, Blessing, mwalimu wa sekondari huko Mbeya, ambaye wiki nzima alikuwa akipiga simu kwa jambo moja tu: stoo isafishwe, kile chuma cha pikipiki kiondoke, baba apate chumba cha kufanyia mazoezi ya viungo.

Devota alikuwa amekubali. Kwa kweli hakuwa na sababu ya kukataa. Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda nyekundu ya zamani, ambayo mumewe Kasian aliitumia kuzungukia vijijini miaka yote aliyokuwa bwana shamba, akifundisha watu kupanda viazi na ngano. Ofisi ilipoziuza pikipiki chakavu, Kasian akainunua ile ile aliyokuwa akiiendesha. Aliifungua injini kwa mikono yake, kila kipande akakifunga kwenye kitambaa chenye grisi na kukipanga kwenye makopo ya maziwa na ya rangi. Alisema ataifunga akishastaafu. Akastaafu Desemba, na Aprili iliyofuata kiharusi kikamwangusha mlangoni pa zizi.

Kilichukua mkono wa kulia na sehemu ya mguu. Kilichukua na maneno. Kasian, mtu aliyeweza kuhutubia mkutano wa kijiji saa mbili bila karatasi, alibaki na neno moja tu, "kule". Akitaka uji alisema kule. Akikataa uji alisema kule. Daktari alieleza kwamba akili ipo, ila njia ya kutokea maneno imeziba. Devota alimsikia, akaitikia, lakini ndani ya moyo hakuwa na hakika. Mwaka mzima ulikuwa umepita, na Kasian alishinda kwenye kiti chake juani akitazama ukuta wa jiko.

Yule mnunuzi aliingia stoo, akatoka ameibeba fremu begani. Hapo Kasian akainuka. Aliinuka bila fimbo, akashika nguzo ya baraza kwa mkono wa kushoto.

"Kule!" alipaza sauti. "Kule! Kule!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. Mnunuzi akasimama palepale.

"Mama, mzee anasemaje?"

Devota aliweka chini kitambaa alichokuwa anashona. "Anasema uiache."

"Lakini dada wa Mbeya aliniambia..."

"Dada wa Mbeya ni mwanangu. Iache, baba. Utusamehe kwa kukupotezea safari."

Mchana Blessing alipiga simu, sauti imepanda. "Sasa mama, hiyo pikipiki nani ataitengeneza?"

"Mimi," Devota akajibu. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Wewe? Mama, hata kuendesha hujui!"

"Hata cherehani sikuzaliwa naijua."

Akakata simu. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakuwahi kushika spana maishani, isipokuwa ile ndogo ya cherehani. Isitoshe, Honda ile hakuipenda hata siku moja. Kwa miaka mingi ilimchukua mumewe Jumatatu ikamrudisha Ijumaa, amejaa tope na habari za watu wengine. Hata hivyo jioni ile alitandika mkeka barazani, akaleta kopo la kwanza, akaliweka mbele ya kiti cha Kasian na kulifungua.

"Haya, Baba Blessing. Hiki ni nini?"

Kasian aliinama, akatia mkono wa kushoto kwenye kopo, akatoa kipande kimoja na kukishika muda mrefu. Kisha akakiweka kwenye mkeka, pembeni kabisa. Akatoa kingine, akakiweka karibu na cha kwanza. Alikuwa anavipanga. Devota alimtazama mpaka uji wa Kasian ukapoa jikoni bila yeye kukumbuka.

Walianza hivyo. Kila siku, baada ya kumwogesha na kumaliza kazi za wateja, Devota aliketi kwenye mkeka. Alisugua kutu kwa msasa. Aliosha vipande kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikababuka. Akikosea, Kasian alisema "kule" kwa ukali, na akipatia alisema "kule" taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Baada ya wiki mbili Devota aliweza kutofautisha kule za aina tano au sita. Alianza kumjibu kama watu wanaozungumza.

"Nimesikia. Si hii bolti. Basi ipi? Hii ndefu? Ee, usinigombeze, hii ndefu."

Siku ya kliniki kwenye hospitali ya Tosamaganga walipitia Iringa mjini, kwenye duka la vipuri la mzee Burhanuddin. Devota alikuwa ameandika mahitaji kwenye karatasi, na vile asivyovijua jina alivichora kwa chaki ya kushonea. Mzee Burhanuddin aliitazama michoro, akatazama na mtu aliyekaa kwenye benchi mlangoni.

"Huyu si bwana shamba wa Kilolo? Alikuwa anaingia hapa na buti zenye tope, mke wangu Fatmabai anamfukuza akazifute!" Alizunguka kaunta, akamshika Kasian mkono ule ule wa kulia, uliolegea, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, bwana shamba! Pole sana, ndugu yangu."

Kasian alimwangalia, mdomo ukahangaika. "Kule," alisema.

"Naam, kule kule," mzee Burhanuddin akajibu bila kusita. Akapanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa, akashuka na boksi lililojaa vumbi. Lilikuwa na ringi za pistoni na platini, zile za zamani, ambazo kwenye maduka mengine wangemwambia hazipo tena. "Platini, mama, uwe nayo makini," alimwambia Devota. "Ndiyo inayotoa cheche. Ikikosea kidogo tu, utapiga kiki mpaka mguu ung'oke."

Si kila siku ilikuwa nzuri. Mwezi wa pili wa kazi hiyo Devota alikuwa anafunga kabureta, akakaza skrubu kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, na sikio moja la kushikia kifuniko likakatika. Lilitoa sauti ndogo kama kuvunja biskuti. Kasian aliona. Uso ukambadilika, akaokota spana kwa mkono wa kushoto na kuitupa. Haikumpiga Devota, ilipiga ukuta, lakini ilipita karibu na sikio lake.

Devota alisimama.

"Mimi ni mkeo," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Nakulisha, nakuogesha, nakuvalisha. Usiku nageuza ubavu wako usipate vidonda. Sasa na hii nayo naifanya kwa ajili yako, mimi nisiyejua kitu, halafu unanitupia chuma?"

Akakunja mkeka na vitu vyote ndani yake, akausukumia stoo. Siku tisa hakugusa. Alimhudumia Kasian kama kawaida, ila bila kuongea naye, na nyumba ikawa kimya kama ya wageni wawili. Mara kadhaa alitaka kumpigia Blessing amwambie, mwite mtu wako aje na gari. Hakupiga. Hakujua kinachomzuia ni nini, hasira au huruma.

Siku ya kumi alirudi kutoka kisimani akakuta kiti cha Kasian kitupu. Akatua ndoo, akaanza kumtafuta. Alimkuta kwenye sakafu ya stoo. Hakuwa ameanguka. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, kabureta ameibana katikati ya magoti, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anasugua taratibu pale palipovunjika, apasawazishe. Vidole vyake vilikuwa na damu kidogo. Alipomwona mkewe aliacha kusugua. Aliinua ule mkono wa kulia kwa kuubeba na wa kushoto, akaulaza juu ya mguu wa Devota.

"Kule," alisema. Kule ya namna hii Devota hakuwahi kuisikia.

Devota alichuchumaa kando yake. Baadaye alileta maji ya uvuguvugu, akamwosha vidole, kisha kabureta ikapelekwa kwa mchomeleaji ikarudi na sikio lake.

Desemba Blessing alikuja likizo, akakuta Honda imesimama kwenye magurudumu yake chini ya kivuli chembamba cha paa. Jirani yao Yotamu, mkulima wa viazi, alikuwa amesaidia kunyanyua injini na kuiingiza kwenye fremu. Tangi lilikuwa limepakwa rangi nyekundu kwa brashi, na michirizi ya brashi ilionekana.

"Mama!" Blessing alisema, akaizunguka mara mbili. "Mama, hii ni wewe?"

"Ni sisi. Ila haiwaki."

Haikuwaka kweli. Devota alipiga kiki asubuhi, Blessing akapiga, Yotamu akapiga mpaka akavua koti. Injini ilikohoa mara moja, ikarudisha kiki kwa nguvu, basi. Plagi ilikuwa mpya. Mafuta yalifika. Kasian alikuwa anajaribu kuwaambia kitu. Alisema kule, akazungusha kidole hewani, akagonga ngumi gotini, akazungusha tena. Hakuna aliyemwelewa. Blessing akamshika bega. "Pumzika baba, usijichoshe." Kasian akautoa ule mkono begani kwake.

Akainuka kwa fimbo, akavuka baraza hatua moja moja hadi kwenye cherehani ya mkewe, akakaa kwenye kigoda chake.

Alishika gurudumu la cherehani kwa mkono wa kushoto, akalizungusha polepole sana. Sindano ikashuka. Aliendelea mpaka sindano ikafika chini na kuanza kupanda tena, kiasi cha unywele mmoja tu. Hapo akasimamisha gurudumu. Akaonyesha kwa kidole chini ya bati, mahali ambapo ncha ya ndoano hupita na kudaka uzi. Akamtazama Devota.

"Kule," alisema.

Devota akainama kutazama. Kila fundi cherehani anaijua ile sehemu. Ncha ikiwahi, uzi haujatoa kitanzi. Ikichelewa, kitanzi kimepita. Cherehani inaweza kuwa nzima kila mahali na isishone hata mshono mmoja.

"Cheche inatoka wakati si wake," alisema taratibu. "Baba Blessing, ndiyo? Platini inafunguka mapema?"

Kasian alifumba macho, akaegemeza paji la uso kwenye cherehani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Blessing alidhani anaumwa, akamkimbilia, lakini mama yake akamzuia kwa mkono. Yeye alikuwa amekwisha kuelewa. Mwaka mzima na zaidi mtu huyu alikuwa humu ndani mzima, anafikiri, anapanga, anatafuta mlango wa kutokea.

Kilichofuata walikifanya wawili. Kasian alichana ukanda kwenye karatasi nyembamba ya kukatia vitambaa, Devota akaubana katikati ya vyuma viwili vya platini. Alizungusha gurudumu la magneto kidogo kidogo huku akivuta karatasi. Iliachia kabla alama ya gurudumu haijafika penye alama ya kasha. Akalegeza skrubu, akasogeza, akajaribu tena. Mara ya saba karatasi iliteleza palepale alama zilipokutana. Alikaza skrubu kwa upole, kama anayefunga kifungo cha gauni la harusi.

Kiki ya pili injini ikawaka. Ilitoa moshi mweupe uliojaa ua mzima, kuku wakakimbilia mahindini, Yotamu akapiga mbinja. Kasian alifungua mdomo, na kicheko kikatoka. Kicheko hakikuwa kimepotea pamoja na maneno, kilikuwa kile kile chake cha zamani, kikubwa, cha kupasuka ghafla. Blessing alikaa chini kwenye ngazi akalia kama mtoto.

"Nilitaka kuiuza kilo kwa kilo," alisema. "Baba, nisamehe."

Kasian akampapasa kichwa.

Devota alijifunzia kuendesha kwenye kiwanja cha shule, likizo ile ile, Yotamu akikimbia pembeni na kupiga kelele, "Achia klachi polepole, mama! Polepole!" Alianguka mara mbili, ya pili kwenye tuta la maharage, akainuka na majani kwenye kilemba. Leseni aliipata mwezi wa tatu. Honda inavuja oili kidogo na haipendi asubuhi za baridi, lakini inapanda kilima cha kanisani ikiwa na watu wawili juu yake, yule wa nyuma amefungwa kwa kanga kiunoni mwa anayeendesha asiteleze.

Maneno ya Kasian hayakurudi, labda mawili matatu. Anaweza kusema "Devo" na "chai". Mkono wa kulia sasa unashika nati, ukiwekewa.

Juma lililopita Yotamu alikuja na pampu yake ya kumwagilia, imekataa kuvuta maji. Wageni wengi wakifika pale humwuliza Devota hali ya mzee, wakati mzee mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka kwao. Yotamu aliitua pampu mbele ya kiti cha Kasian.

"Shikamoo mzee. Hii imenishinda. Unaonaje wewe?"

Kasian aliiinamia. Alizungusha gurudumu lake, akasikiliza, akalirudisha nyuma, akasikiliza tena. Yotamu alivua kofia, akavuta kigoda, akakaa kusubiri jibu. Devota aliweka pembeni shati alilokuwa anapiga pasi, akaenda kuleta mkeka.