Sheria ya Kumi na Nne

...kwa sababu joka, kwa akili yangu, lina mabawa, na mabawa ni ya nini kama si kuvukia mto, lakini binti yangu ameshatikisa kichwa kabla sijaliweka chini, "Baba, joka halivuki mto likiwa na njaa," na mimi nimebaki mkono hewani, nimelikaba shingo kama kuku, najiuliza joka la plastiki linaonaje njaa na nani kasema, ingawa huyo nani namjua, yuko jikoni kalala chali chini ya sinki langu, anakaza bomba langu kwa spana yangu huku anapiga mluzi, mdogo wangu, baba yake mdogo, bingwa wa njaa za majoka... na mchezo huu wa ubao niliununua mimi, jamani, uwanja wa ndege, geti linafungwa, nakimbia na boksi kifuani kama mwizi wa televisheni, nikalipakata safari nzima, zawadi ya miaka tisa, nikakaa nyumbani siku kumi na moja na nikasema tutalifungua pamoja nikirudi, halafu nikaenda kufunga lifti za watu, na nilirudi, ee, baada ya mwaka na miezi miwili, nikakuta ubao umepauka, bawa moja la joka limetafunwa, na mdogo wangu anacheka, "Kaka, maelekezo yalikuwa kwa lugha haisomeki, tukatunga sheria zetu," tukatunga, zetu, maneno mawili hayo yamenikaa kooni tangu juzi kama mfupa, mimi ninayeweza kuagiza chai kwa lugha sita, ningeisoma hiyo lugha, kwa kubahatisha, lakini ningeisoma... "Baba, unafikiria au umelala?" Nafikiria. "Baba mdogo hachukui muda wote huo." Baba yako mdogo ana kichwa kidogo, mawazo hayana pa kuzungukia, nasema kwa sauti ya kufika jikoni, na jikoni kunajibu, "Nimesikia hiyo," na mtoto anacheka, lakini anacheka akitazama jikoni, mzaha wangu, kicheko kinakwenda kwake, halafu anajikuna nyuma ya sikio kabla ya kusogeza askari, kama yeye vilevile, na akishasogeza anasema "haya, mzee wa kazi," kama yeye vilevile, miaka kumi tu na tayari ana uzee wa mtu mwingine... mtu mzima mimi, nimefunga lifti katika miji kumi na saba, nimepandisha mawaziri ghorofa ya arobaini, na nataka kumfunga mtoto wangu mchezo ili aumie aliye chini ya sinki, aibu, naijua ni aibu, ila mfalme wake yuko hatua mbili tu ng'ambo ya mto, na simu inatetemeka mfukoni, kampuni ya lifti hiyo, mkataba wa miezi kumi na minane mingine, wanataka jibu leo, subirini, nina joka mkononi... ningepita darajani, lakini hapo kasimama yule mtu mwenye kofia, wa plastiki ya kijivu, asiyesogezwa na yeyote, mwanzoni nilimgusa nikaambiwa mwache... lete hilo daftari la sheria, Jaji. "Usilikunje." Silikunji. Sheria ya tatu, joka lenye njaa, sawa, ya saba, mchawi akikamatwa anadanganya anaosha vyombo, hiyo nzuri, ya kumi na nne si mwandiko wake, ni wa mdogo wangu, herufi zimelala kinyumenyume kama watu wanaosukumwa na upepo, *Kipande cha baba hakiliwi. Mahali pake hapakaliwi na mtu. Akirudi anaanzia palepale.* Kipande gani cha baba? "Si ndiye huyo wa kofia." Nani aliitunga hii? "Baba mdogo. Mimi nilitaka tukutoe, unaziba daraja," anasema bila ubaya, macho yako kwenye askari wake, "akakataa, tukagombana hadi nikalia, akasema bora asicheze kabisa"... na jikoni mluzi umekatika, maji yanadondoka kwenye ndoo, tone, tone, halafu mluzi tena, juu kidogo, wa mtu anayejifanya hakusikia, na mimi niliyemchukia siku tatu nzima kwa kukikalia kiti changu, kumbe alikuwa anawafukuza watu wasikikalie, mpaka mtoto mwenyewe... na bado namwonea wivu, usinielewe vibaya, namwonea zaidi, angalau mwizi ningemfukuza... anaanzia palepale, inasema sheria, lakini haisemi mara ngapi, nimegeuza ukurasa, haisemi... simu inatetemeka tena, itetemeke, mkono unaanza kuniuma, joka bado liko hewani juu ya mto, "Baba, weka basi," na mimi namuuliza, taratibu, kama mgeni anayeuliza njia, hili joka huwa linakula nini.