Mdodoki Ulipofika Dirishani kwa Dada

Tangu miti ya barabarani ikatwe ili magari yapate nafasi, jua la alasiri liliingia ghorofa ya pili bila hodi na kukaa humo mpaka jioni. Ukuta ulishika moto, bati likalia juu, na mama, aliyelala kitanda cha karibu na dirisha, akaanza kuishi ndotoni zaidi kuliko chumbani. Alisema yumo mtoni. Alisema maji yamemfika magotini, na marehemu mumewe anamwita kutoka ng'ambo. Binti yake mdogo, mshonaji, aliacha cherehani kila mara ili ampepee, na kila baba alipotajwa alipepea kwa kasi zaidi.

Daktari hakuzunguka mbuyu. "Mtoeni kwenye joto hili," alisema. "Mwili wake hauna tena nguvu ya kupigana nalo."

Mahali penye nafuu palikuwepo, tena hapo chini tu, ghorofa ya kwanza, kwa dada mkubwa. Lakini baada ya matanga ya baba, wale wawili waligombania nani akae na mama. Mdogo alishinda, na mkubwa akamwambia ngazini: "Mchukue. Ila ukichoka usije kunigongea." Tangu hapo walipishana kama wapangaji wasiojuana. Basi mshonaji, mwenye kichwa kigumu alichorithi pande zote mbili, aliona ni rahisi kuotesha msitu kuliko kubisha mlango mmoja.

Msitu wenyewe ulikuwa mbegu chache za dodoki, mmea utambaao ambao ungepanda ukutani na kulitia dirisha la mama kivuli. Alishuka nazo kwa kinyozi wa chini, mwenye kipande cha udongo mbele ya duka lake, chini ya madirisha yao, hapo alipomwaga maji ya kuoshea vichwa vya watu.

"Fundi, mimi riziki yangu ni kukata," kinyozi alisema. "Leo unataka nioteshe?"

"Wewe mwagia tu. Na maneno unayo ya kutosha, uongee na mmea."

Akaongea nao kweli. Mteja mmoja akitoka na mwingine hajafika, alisimama pale akiusimulia mdodoki habari za mtaa, na sijui ilikuwa ni maji au ni umbea, mmea ukapanda kama ulioitwa juu. Mshonaji alikuwa ameteremsha kamba ya katani kutoka dirishani kwake hadi chini. Ilipita katikati ya dirisha la dada, maana ukuta haukuwa na njia nyingine.

Mchana, mama akiwa kwenye mto wake wa ndotoni, mshonaji alichungulia na kuona kijani kikija polepole, majani mapana kama viganja, maua ya njano yakifunguka katikati ya joto. Kuna siku alisinzia juu ya nguo za watu, akaona mtaa mzima umevaa majani, kuta zinapumua, na watu wanatembea kivulini toka sokoni hadi milangoni mwao bila haraka yoyote. Aliamka na alama ya mshono shavuni. Ng'ambo ya barabara, majirani walikuwa wameshaanza kuomba mbegu.

Mmea ukafika dirishani kwa dada, na haukupanda tena. Siku zikapita. Kamba juu yake ilining'inia tupu. Mama naye aliacha kusimulia ndoto. Alilala tu, midomo imekauka.

"Ameukata," mshonaji alisema peke yake, na damu ikamchemka. Alishuka na mkasi mkononi, hata hakujua wa nini, akaugonga ule mlango.

Dada akafungua. Maneno yote mshonaji aliyokuwa ameyapanga yakamyeyuka, maana hewa iliyompiga usoni ilikuwa ya baridi. Chumba kizima kilikuwa na mwanga wa kijani, kama mtu yuko chini ya maji. Dada alikuwa amefunga vipande vya shuka kuukuu mbele ya dirisha, na mdodoki umetambaa juu yake, mzima, na maua yake.

"Kamba yako ilikatika hapa," dada alisema. "Ncha ya mmea ikawa inapepea hewani. Nikaivuta isivunjike."

"Si ungeniambia?"

"Mimi? Niliyekukataza kunigongea?"

Chini ya dirisha palikuwa na kitanda, shuka limenyooshwa na pembe zimekunjwa vile mama anavyopenda.

"Cha nani hiki?"

"Unajua." Dada alitazama sakafu. "Kila siku nasema leo napanda nikamwombe. Nafika ngazini, narudi. Yale maneno, mdogo wangu, maji yakishamwagika hayazoleki."

Mshonaji alilia palepale, kwa aibu na kwa mapenzi. Kisha wakapanda pamoja, wakamshusha mama kwa mikono yao. Alipolazwa alivuta pumzi ndefu, akauliza kama ndiyo ameshavuka.

"Bado, mama," dada alisema. "Hapa ni kwangu tu."

Mshonaji akarudi juu, kwa kuwa kazi za watu zilikuwa zikingoja. Chumba kilikuwa kimekuwa kikubwa ghafla. Alifurahi kwa ajili ya mama, akaumia kwa ajili yake mwenyewe, kwani yule aliyempigania hivyo amemtoa kwa mikono yake. Akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Haukuingia.

Mpini wa ufagio ukagonga chini ya miguu yake. Alipochungulia, dada alikuwa ametoa kichwa kati ya majani.

"Shuka," alisema. "Mama hataki kulala. Anasema mtoto wake mmoja bado yuko juani."