Subiri Hapa

…na kengele nayo haichoki, inalia juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ndiye niliyewasha moto wenyewe, moto ambao haupo, na mimi nimekaa hapa penye ngazi, ghorofa ya nne, chini ya kibao cha kijani kilichoandikwa SUBIRI HAPA, nasubiri, nimetii, breki za kiti nimezifunga nisije nikaserereka nikawaangukia watu, ingawa watu wenyewe hawapo tena, wameshapita wote, wa manunuzi, wa sheria, yule mama wa mapokezi aliyekuja juu kuleta barua akashuka kavua viatu kavishika mkononi, kila mmoja akinipita ananitupia neno, pole dada, wanakuja dada, usiogope ni zoezi tu, najua ni zoezi tu, tangu asubuhi najua, mimi ndiye niliyekataa kushuka mapema, sasa pole za nini, pole ya kukaa, nimekaa tangu utotoni, sijawahi kupewa pole nyingi namna hii kwa kukaa… kwa sababu desturi ya jengo hili, na ni desturi hasa, hakuna aliyeiandika na wote wanaifuata, ni kwamba siku ya zoezi la moto Filimbi hupanda kwanza mwenyewe mpaka mezani kwangu, Filimbi ndiye msimamizi wetu wa usalama, jina alilopewa na wazazi wake sidhani kama kuna anayelikumbuka humu, filimbi haimtoki shingoni hata msibani, basi huja, huinama, hunong'ona kama mtu aliyeleta posa, dada yangu, zoezi liko karibu, chukua lifti uteremke taratibu, nimekuwekea nafasi kivulini, na mimi hufunga ramani zangu, nampitia Fundi Chapa kwenye chumba cha mashine ya kuchapa kule mwisho wa ukumbi, kwa kuwa yeye ni kiziwi na kengele kwake ni hadithi tu, namgonga bega, nachezesha vidole hewani kama ndimi za moto, anacheka, tunashuka wote kwa lifti, lifti ileile ambayo moto ukiwaka kweli itakuwa ya kwanza kuzimwa, tunakaa kivulini, kengele inalia, wenzetu wanamiminika, wanahesabiwa, na mimi nahesabiwa wa kwanza, mtu wa kiti cha magurudumu wa ghorofa ya nne ametoka kabla ya mlinzi wa getini, na Filimbi anatazama saa yake anatabasamu, na mkurugenzi anampa mkono, jengo letu mfano wa kuigwa, na leo alipokuja na mnong'ono wake nikamwambia sishuki, akadhani natania, nikamwambia leo nataka nishushwe, akasema dada usinifanyie hivyo, kama vile ni yeye ndiye aliyekuwa anaachwa juu…

…sakafu inatetemeka kidogo chini ya magurudumu, kengele gani hii ya kutikisa mpaka zege… na wabebaji wangu wako wapi, maana ninao wabebaji, msidhani sina, nilipigania mwaka mzima nikapewa wawili, wa kwanza ni dereva wa mkurugenzi, mwanamume ana mabega kama kabati, kweli kabisa angenibeba kwa mkono mmoja, lakini dereva kazi yake ni kuendesha gari, na gari likiwa barabarani na yeye yuko barabarani, nikauliza kwenye kikao, kwa adabu, kwa sauti yangu ile ya kikao, je, moto ukitokea dereva akiwa safarini, wakatazamana, mwanasheria akasema hoja nzuri, ikaishia hapo, hoja zangu zote ni nzuri na zote huishia hapo, na wa pili ni fundi wa kompyuta, huyo nimemwona kwa macho yangu dakika hizi hizi akinipita, ameshika kiuno, mgongo dada, tangu juzi mgongo, akashuka upande upande kama kaa, nikamwambia ugua pole, mimi, nimebaki juu, ndiye ninayemwambia yeye ugua pole… na hata wangekuja wote wawili na migongo ya chuma wangenishusha na nini, kiti cha kuteremshia watu ngazini kiko pale, ukutani, kimenikodolea macho, cha njano, kizuri, kilikuja ndani ya boksi tukakipiga picha, mimi nimo kwenye picha, nacheka, halafu wahudumu wakagundua kwamba kinateremsha na kupandisha madumu ya maji ya kunywa vizuri ajabu, wakakitumia wiki mbili mkanda ukaanza kuchanika, mtunza stoo akakasirika, na ana haki ya kukasirika, akakitia mnyororo na kufuli, kufuli la ghala, na ufunguo uko kwenye kishada kiunoni mwake, na yeye mtunza stoo ni mtu mwenye nidhamu sana, kengele ikilia tu ndiye wa kwanza kutoka, ufunguo na yeye, sasa hivi wako chini wote wawili wanapunga upepo.

Nacheka, nacheka peke yangu hapa ngazini, mtu akinisikia atasema moshi umemwingia kichwani… wangekuwa wabaya ningejua la kufanya, mtu mbaya unamkabili, lakini hawa ni watu wema, wananisukuma bila kuniuliza, wananinunulia chai, Filimbi mwenyewe alikuja hospitali nilipolazwa, alikaa kutwa nzima, ndiyo maana inaniuma zaidi, kwa sababu yule mtu aliyekaa kando ya kitanda changu kutwa nzima ndiye huyu aliyeniletea karatasi na penseli akaniambia dada wewe ndiye mchora ramani wetu, tuchoree ramani ya kutokea, nikaichora, ramani zile zilizobandikwa kila ghorofa ni za mkono wangu, mishale ya kijani yote nimeichora mimi, chumba hadi ukumbi, ukumbi hadi ngazi, ngazi hadi uwanjani, nilipomaliza nikamuuliza na mimi mshale wangu uende wapi, akakuna kichwa, akasema wewe tutakuchora baadaye… baadaye yenyewe ndiyo kibao hiki… na chini huko kipaza sauti kimeanza kukoroma, sikii vizuri, kinasema mistari, kinasema ghorofa ya pili sogeeni, wanahesabu, na mimi bila kujua nimebana pumzi, tazama, nimebana pumzi tena, tabia hii ni ya zamani, ni ya mgongoni kwa kaka, kaka alikuwa ananibeba kwenda shule, madarasa ya juu yalikuwa juu ya ngazi za mawe, ananipandisha nimemkumbatia shingo, nilikuwa naona jasho linamtoka nyuma ya sikio, na nilikuwa nabana pumzi, nilidhani mtu asiyepumua anakuwa mwepesi, kila ngazi nabana, tukifika juu kizunguzungu, kaka anasema leo u mwepesi, na mimi furaha, na mama jioni ananiambia uwe mwema kwa kaka yako, usimchoshe, hakusema kwa ubaya, mama alikuwa anatuhurumia wote wawili, ila mimi nilielewa kwamba kazi yangu duniani ni kutokuwa mzito, na nimeifanya vizuri kazi hiyo, hata kivulini nilikuwa naifanya, nakaa na chupa yangu ya maji, mwepesi, wa kwanza kuhesabiwa…

…viatu, kuna viatu vinashuka, kutoka juu, si chini, taratibu, kimoja, halafu kimya, halafu kingine, wabebaji hawatoki juu, nani bado yuko juu… ni Mzee wa Masjala, mtunza majalada wa ghorofa ya sita, mtu wa tai kila siku, anayeamkia watoto wa wenzake kwa heshima kama wakubwa, ameng'ang'ania kishikio cha ngazi, midomo imepauka, anapumua kwa mdomo, akaniona, akajaribu kusimama vizuri kama mtu anayefanya matembezi, ikashindikana, akakaa kwenye ngazi karibu na gurudumu langu, akalegeza tai, sijawahi kumwona amelegeza tai, nikampa chupa yangu ya maji akanywa, nikamwamkia, shikamoo mzee, maana hata kengele ikilia adabu ni adabu, akainua kidole kwanza, ngoja, ngoja nipate pumzi, halafu marahaba ikatoka.

"Leo sikukuona kivulini," akasema.

Sikumwelewa, nikadhani pumzi imempungua kichwani, nikamwambia leo nilikataa mzee, akatikisa kichwa, akaanza kunieleza kidogo kidogo kati ya pumzi na pumzi, kwamba dirisha lake linatazama kile kivuli, kwamba daktari alishamwambia moyo wake hautaki ngazi, kupanda wala kukimbilia chini, na kwamba kila akiniona nimetokeza uwanjani na Fundi Chapa anajua zoezi liko karibu, basi anavaa koti, anaaga, anasema anakwenda benki, anashuka kwa lifti, anakwenda kunywa chai mtaa wa pili mpaka kelele ziishe, miaka yote, mimi nilikuwa ndiyo kengele yake, na leo nimekaa mezani kwangu na hasira zangu na yeye amekaa mezani kwake akinisubiri nitokee, na kengele ya watu ikamkuta ghorofa ya sita… nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakumwambia Filimbi, angepewa hata hao wabebaji wa mdomoni, akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini watu wanafanya kazi.

"Mwanangu, wakishasema siwezi ngazi, watasema siwezi kazi."

Ni kweli, mimi kiti changu kinaonekana toka mbali, mimi siwezi kwenda benki, ila wangapi humu wana benki zao, yule mama wa mapokezi, mbona nilidhani alivua viatu kwa haraka, visigino vyenyewe vilikuwa vifupi, ni magoti yale, namwona jioni anavyoinuka kwenye kiti kwa kushika meza, na yule binti wa sheria, tumbo limeshafika hapa na bado anavaa makoti mapana, na mhasibu asiyeona vizuri mwanga ukififia, na kwenye moshi kuna mwanga gani… na mimi mwaka mzima kwenye vikao nilisimama, nasema nilisimama, nikisema mimi, mimi nitashukaje, kiti changu, wabebaji wangu, mshale wangu, kama vile kwenye jengo zima ni mimi peke yangu niliyeumbwa na uzito, na wao walifurahi kunisikia nikisema hivyo, mtu mmoja unaweza kumshusha kwa lifti… 

Chini kipaza sauti kimesafika, upepo umegeuka labda, sauti ya Filimbi inakuja yote, ya furaha, "Jengo liko tupu. Wote tumetoka. Hongereni sana," na makofi, wanapiga makofi, mtunza stoo na ufunguo wake anapiga makofi, sijui walinihesabu vipi, labda kwa mazoea, wa kwanza kama kawaida, mkono wa mwenye orodha umekwenda wenyewe… na kengele ikakatika, kimya kikaingia masikioni mpaka kikauma, na sakafu bado inatetemeka.

Inatetemeka, kengele imezimwa na sakafu inatetemeka chini ya magurudumu yangu, polepole, kwa mpigo, chaka, chaka, chaka, inatoka mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango uliofungwa, na damu ikanishuka miguuni nisikokuwa na habari nako, Fundi Chapa, Mungu wangu, Fundi Chapa bado anachapa, hakuna aliyemgonga bega, kwa kuwa kila mtu anajua Fundi Chapa hushuka na mimi, na mimi leo nilikuwa na hasira, niliijenga hasira yangu tangu asubuhi nikapita nayo kwenye mlango wake, nikaja kukaa chini ya kibao, na yeye yuko mle ndani anapanga karatasi, anapiga mluzi wake asiousikia, jengo limeshatangazwa tupu, na ingekuwa moto wa kweli sasa hivi moshi umeshapita chini ya mlango wake… nikamwambia, mzee unaisikia mashine, akasikiliza, akafumba macho, akasema naisikia.

Halafu akashika kishikio, akaanza kukaza tai yake, anataka kuinuka, anasema ngoja nishuke polepole nijichanganye nao kabla hawajarudi, wameshatuhesabu tumetoka, tusiwaharibie watu siku, na mimi namwona, anabana pumzi, mzee mzima anabana pumzi ili ngazi zisimjue, nikamshika mkono wa koti.

"Kaa, mzee."

"Wamesema wote tumetoka."

"Hatujatoka."

Akakaa, sijui kwa sababu yangu au miguu ilimkatalia, akakaa, na kutoka chini kabisa sauti ya Filimbi ikapanda na ngazi, sasa bila kipaza, ile sauti yake ya kunong'ona ikijaribu kuwa kubwa, dada, zoezi limekwisha, lifti imewashwa, teremka tu, nimekuwekea nafasi, na lifti kweli nikaisikia inafika, ikafungua mlango wake nyuma yangu, ikangoja kidogo, ikafunga, na mimi mkono uko juu ya breki, breki ziko vilevile, kibao kiko juu yangu vilevile, kiti cha njano na kufuli lake mbele yangu, bado kidogo nitapiga kelele, nitamwambia panda Filimbi, panda na mtunza stoo na ufunguo, panda na wote waliopiga makofi, njoo usikie mashine, tuko watatu huku na sijui wangapi uko nao chini ambao leo tu miguu imewafaa, nitamwambia, sauti yangu ya kikao nimeiacha mezani, lakini kwanza nimeachia pumzi, yote, ile ya leo na ile ya mgongoni kwa kaka, nimeuacha mwili ukae kitini na uzito wake wote, ni mzito, ni mzito kweli, na waje wanibebe hivyo hivyo.