Programu Iliyojishtaki

...na hata kama ni mashine tu, haina ruhusa ya kuniuliza swali la namna hiyo, mimi Fridah, mwalimu wa hesabu, niliyekaa kwenye kiti kilichovunjika mgongo ndani ya saiba ya Dancan, kibanda chake cha kompyuta hapa Kitale, nimevaa nguo nyeusi, na Papa, baba yangu, yuko ndani ya gari pale mochari akisubiri kupelekwa Bungoma kuzikwa leo hii, na wasifu wake, maneno yote niliyoyaandika huku nikilia, yamo ndani ya flash hii tu, sina nakala nyingine popote, halafu hii programu ya kuua virusi inaniambia ati imepata kirusi, haya, asante, kirusi kipi, na inanionyesha jina la kirusi ni jina lake yenyewe, inajitaja bila haya, je, kifutwe, ndiyo au hapana... tangu lini askari wa usiku akapiga firimbi, akamkaba mwizi, kumbe shingo ni yake mwenyewe, halafu akamgeukia mwenye nyumba kumwuliza sasa tumfanye nini huyu... "Aki madam, ukibonyeza yes itajifuta," Dancan yuko nyuma yangu anatafuna mahindi ya kuchoma, punje inaniangukia begani, "na ikijifuta, nani atasafisha flash yako?" basi nibonyeze hapana, "Ukibonyeza no haiwezi fungua flash, si bado iko na virus?" virusi gani, Dancan, "Si hiyo yenyewe," na anasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyenieleza jambo nikalielewa, yaani huyu ndiye mwenye saiba, ndiye aliyeandika mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba yeye ni mtaalamu...

Ngoja, Fridah, tulia, chukua hatua moja moja kama unavyowaambia darasa la saba, kama programu hii ni kirusi kweli, basi ni mwongo, maana kirusi kazi yake ni kudanganya, lakini imesema yenyewe, "mimi ni kirusi", kwa hiyo imesema kweli, kwa hiyo si mwongo, kwa hiyo si kirusi, na kama si kirusi basi imenidanganya iliposema ni kirusi, kwa hiyo ni mwongo, kwa hiyo ni kirusi... mtoto akiniletea hesabu kama hii namchapa sifuri na kumwita mzazi, lakini mzazi wa hii nimwite nani, "Jana mimi nilibonyeza yes," Dancan anaendelea, "ikajifuta vizuri kabisa, halafu ikaandika ati kazi haijaisha kwa sababu mwenye kufuta amefutwa," na kama imefutwa, nani aliandika hayo? "Hapo sasa, madam," anacheka, anacheka mtu huyu, "na asubuhi nikiwasha nikapata imerudi," basi nihamishie flash kwenye kompyuta ile ya dirishani, "Hiyo nayo nimeiwekea hii hii, zote nimewekea, si ndiyo ya kuzuia virus?" na saiba ile nyingine karibu na soko haina stima, umeme umekatika tangu jana, nimeshapita pale, nimeshatikisa mlango...

Simu inalia, ni Nyongesa, kaka yangu mkubwa, "Fridah, gari iko tayari, pasta anauliza eulogy iko wapi, tunacherewa bana, kwani unafanya nini huko?" nakuja, nakuja, ninangoja mashine ikubali kuwa ni mwizi au si mwizi, "Ati nini?" nakuja! na huyo pasta naye, yeye ndiye aliyesema lazima wasifu upigwe chapa, na lazima uandikwe kwamba Mzee Barasa alikuwa mtu wa ukweli, nami nikaandika, mkono wangu huu ukaandika, mtu wa ukweli, Papa! Papa aliyewaambia watu wote wa Malakisi, kwetu Bungoma, kwamba tumbaku yake inavutwa na wafalme wa Ulaya, kwamba kovu la mguuni ni la simba aliyepigana naye njia ya Suam, na mama akisikia hivyo anaingia jikoni kucheka, maana yeye ndiye aliyemwosha damu siku mnyororo wa baiskeli ulipomkata, mtu wa ukweli... na hilo halikuniudhi, hadithi zake tulizipenda, kilichoniudhi, kinachonichoma mpaka sasa, ni siku ya mwisho hospitalini, amenishika mkono, "Mayi," akasema, maana kwetu baba humwita binti yake mama, "mayi, mimi ni mwongo, kila kitu nimewahi kukuambia ni uongo," akafumba macho, akaniacha na hayo, sasa nifanye nini na maneno kama hayo, Papa, nikiyaamini nimeamini uongo, nisipoyaamini nimekuita mwongo, ulishindwa nini kusema kwaheri kama baba za watu... na mimi kitu kimoja tu nilikuwa nimekiweka moyoni tangu utoto, uliniambia tukitundika majani ya tumbaku, wewe nakupenda kuliko ndugu zako wote, na leo asubuhi pale mochari Nyongesa analia kama mtoto ananiambia, Fridah, unajua Papa aliniambia mimi ndiye alinipenda kuliko nyinyi wote, kumbe maneno yale alimpa kila mtu, kumbe ilikuwa kama simba wa Suam... "Madam, tubonyeze gani?" ngoja, Dancan, usiguse, ngoja... ulisema, Papa, kila kitu nilichowahi kukuambia ni uongo, kila kitu, haya, na hilo lenyewe uliniambia, kwa hiyo nalo ni uongo, na kama ni uongo kwamba kila kitu ni uongo, basi si kila kitu... si kila kitu, Papa! basi lipo, lazima liwepo, katika yote uliyowahi kuniambia lipo angalau moja la kweli, hesabu haikubali lisiwepo, hukuweza kulifuta hata ulipotaka, ulijaribu kufuta yote na ukashindwa, mzee mjanja wewe, na hukusema ni lipi, na hakuna pasta wala kaka anayeweza kunithibitishia kwamba silo lile la majani ya tumbaku... "Madam?" simu inalia tena, kioo bado kinaniuliza ndiyo au hapana, kiulize mpaka kesho, sibonyezi kitu, nitasimama kaburini mikono mitupu niseme baba yangu alikuwa mwongo, waache wagune, halafu niseme alinipenda kuliko ndugu zangu wote, na Nyongesa akibisha, asimame naye aseme lake.