Dume Asiye na Alama

Mtemi alimwagiza Dorika, mchora vibuyu wa Unyambwa, kibuyu cha maziwa cha harusi ya binti yake. Kikimchukiza, angekivunja.

Padri akamwazima picha ya kale, iliyochongwa zamani kwa mkuu mmoja wa Ulaya: msichana amepanda dume la ng'ombe, wanakata bahari. Dorika akaichora juu ya kibuyu kwa sindano ya moto, polepole, hata bahari ikawa ziwa Kindai na ndege heroe wakaelea ndani ya moshi.

“Dume wa nani huyu?” Mtemi akafoka alipoletewa kibuyu, fimbo juu. “Sikio halina alama ya mwenye ng'ombe!”

“Ni mungu wa kale wa huko Ulaya, baba, kajigeuza dume. Nani angemkata sikio?”

Bibi harusi akakikumbatia kibuyu. “Basi huyu, hata nikiachika, hadaiwi arudishwe kama ng'ombe wa mahari.”

Mtemi akacheka, fimbo ikashuka.