Sisimizi Wanaojifanya Mchanga

Kwa miaka kumi na miwili nimechekecha majani makavu ya msitu ulio nyuma ya nyumba yetu ndefu ya familia nyingi, nikimtafutia Daktari Suraya, mtafiti wa wadudu, sisimizi, na hakuna aliyewahi kunishinda kwa macho. Sasa macho yenyewe yameanza kunisaliti. Sikumwambia mtu. Daktari akijua, kazi itakwenda kwa Lunsa, binti wa kaka yangu, anayejiona mjanja kuliko wote, nami nitabaki kupalilia pilipili manga.

Asubuhi hiyo tulipiga magoti sote watatu mbele ya sinia jeupe. Nikamwaga humo mabaki ya majani niliyochekecha. Lunsa akapitisha macho mara moja, akasema hamna kitu, akashika ukingo wa sinia amwage.

"Acha," nikamwambia. "Wewe umezoea simu, kila kitu lazima kirukeruke."

"Shangazi, huo ni mchanga tu."

"Basi utazame huo mchanga."

Hawa sisimizi wadogo wenye taya ndefu wana ujanja wao. Ukiwagusa wanajikunja na vumbi lao mwilini, hawasogei mpaka waamini umeondoka. Tukangoja, ruba wakitupanda visigino. Nilikuwa na hamu ya kumwona mmoja akiwinda, hamu ileile ya siku ya kwanza. Kilichotulia sikioni kabisa, lakini kinachosogea bado nakinasa.

Chembe moja ikanyoosha miguu. Ikafungua taya hadi zikawa karibu mstari mmoja, ikakinyatia kidudu cheupe, ikasimama, ikangoja. Taya zikajifunga kabla sijapepesa, na kidudu kikaning'inia hewani. Lunsa alisahau hata kupumua. Nilimpenda kwa hilo.

"Wako wangapi?" Daktari akauliza, macho yake kwenye daftari.

Nilikuwa na hakika na mmoja tu. Nikainama kama anayehesabu. Lunsa akanitazama usoni, akatazama sinia, akanitazama tena, nikajua ameshanigundua. Neno moja tu lingetosha kunimaliza.

Akaweka kidole gotini kwangu, akagonga mara nne.

"Wanne," nikasema.

Daktari akaandika, akainuka kufuata chupa ya kuwahifadhia. Machozi yalinilenga na sikuyaficha.

"Shangazi," Lunsa akasema kwa sauti ya chini, "wewe nifundishe kungoja. Kuhesabu niachie mimi."