Kisukari cha Mzee Fanueli

Mzee Fanueli wa Rungwe alikuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi tu, na hakikuwahi kumpungukia mpaka mwaka 1956, alipoanza kukonda na kukojoa usiku kucha. Mwanawe Asukile, karani mjini Mbeya, akampeleka hospitali, akasimama kati yake na daktari kutafsiri. Daktari alisema mengi. Mzee aliambulia neno moja: kisukari.

"Wanasema una kisukari," Asukile akamgeuzia kwa Kinyakyusa. "Acha kula ndizi zile, utapona."

Mzee alifurahi. Kisukari alikijua tangu utoto, vile vindizi vifupi vitamu. Migomba yake ilizunguka nyumba, na aliipanda marehemu mkewe. Kuikata kuliuma, lakini uhai ni uhai. Asukile alikuja mwenyewe Jumamosi, akavua shati, wakafyeka pamoja mpaka wakamaliza. Mzee akajisifu kijiji kizima kwamba yeye kweli amezaa.

Hakupona. Kiu ilizidi, suruali haikushikika tena kiunoni, na siku moja akaanguka shambani. Majirani wakamkimbiza Mbeya kwa lori la kahawa. Alipozinduka alimkuta nesi Benedicta, binti wa Iringa, ambaye Kiswahili alijifunzia shuleni, hivyo alikisema polepole. Alimuuliza kwa nini alikataa sindano.

"Sindano gani?" mzee akauliza. "Mimi nimekata migomba yote."

Benedicta akachukua mkojo wa mzee. Akauchemsha na dawa ya buluu mbele ya macho yake, ukageuka rangi ya tofali. Akamweleza kwamba hiyo ni sukari, imejaa kwenye damu mpaka inamwagikia kwenye mkojo, na ugonjwa huo ndio unaoitwa kisukari. Ndizi zinafanana nao jina tu. Dawa yake ni insulini. Haiponyi, inashikilia, kwa hiyo mgonjwa huchomwa kila siku maisha yake yote. Ndiyo maana daktari alitaka mzee akae mjini kwa mwanawe.

"Mwanao alielewa vizuri, baba. Alirudi kutuambia umekataa."

 Uongo wenyewe mzee angeweza kuumeza. Kilichomkaba ni ile Jumamosi, Asukile kifua wazi, akifyeka migomba ya mama yake kwa bidii huku akijua.

Jioni Asukile alifika, akachuchumaa kando ya kitanda kama mwana anavyopaswa. Kwa Wanyakyusa mke wa mtu haonani na baba mkwe wake, hata njiani humpisha, na mila hiyo Asukile aliifundishwa na mzee mwenyewe.

"Tata, nina chumba kimoja," akanong'ona. "Mke wangu Tusekile hatakiwi hata kukuona. Ningekuweka wapi?"

"Ungeniuliza hivyo hivyo," mzee akasema. "Ningetafuta pa kulala. Hata kufa ningechagua mwenyewe."

Asukile akainamisha kichwa. Daktari akaingia, na kwa mazoea akamgeukia yeye. Asukile akainuka, akakohoa kusafisha koo ili atafsiri. Mzee akanyanyua mkono.

"Huyu hapana," akasema kwa Kiswahili, wodi nzima ikasikia. "Sema na mimi. Polepole."

Daktari akavuta kiti. Asukile akabaki amesimama, akisikiliza habari za baba yake pamoja na wagonjwa wengine.